Uzi: Toyota ya zamani inatetemeka ikiwa sailensi, tusafishe nini na tuanzie wapi

Kandambili

Wakuu salaam. Corolla AE110, injini 5A-FE, gia otomatiki. Asubuhi inawaka vizuri na sailensi (mwendo wa injini pedeli ikiwa imeachiwa) inakaa juu kama kawaida ya gari baridi. Ikishapata moto mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka mpaka 500, usukani unatetemeka, na ukiweka D huku AC inafanya kazi inataka kuzima. Barabarani inavuta vizuri tu. Plagi ni mpya, taa ya cheki injini haiwaki. Gereji moja wanasema tushushe nozeli (za kupuliza petroli), nyingine wanasema throtobodi (lango la hewa ya injini). Kabla sijafungua pochi, tuanzie wapi na kwa nini?

Spana_Kumi

Pochi iache mfukoni kwanza mkuu. Gari inayovuta vizuri ikitembea halafu inasumbua ikisimama tu, moto upo na petroli ipo. Inachokosa ni hewa.

Ukiachia pedeli, kipepeo ndani ya throtobodi kinafunga karibu chote. Hewa ya kuifanya injini isizime inapita kichochoro cha pembeni, na bawabu wa kichochoro hicho ni vali ya sailensi: ile iliyofungwa chini ya throtobodi, ina soketi ya waya tatu na hozi mbili za maji ya rejeta. Sasa, injini inapumua kupitia hozi inayotoka kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na kuingia kwenye mpira wa hewa, kabla ya kipepeo. Mvuke wa oili unaokuja na hozi hiyo unachanganyika na vumbi lililoponyoka eakilina (chujio la hewa), unaganda ukingoni mwa kipepeo na ndani ya vali. Kompyuta inaona rpm zinashuka, inaifungua vali zaidi kufidia, miezi na miezi, mpaka vali inafika mwisho. Hapo ukiongeza AC au D, haina tena cha kuongeza.

Asubuhi huoni shida kwa sababu injini baridi inafunguliwa vali sana kwa makusudi. Uchafu haujaziba njia yote.

Jaribio la bure kabla ya kugusa spana: iache ipate moto mpaka feni iwake na kuzima mara moja. Shikilia rpm 2000 hadi 2500 kwa dakika moja. Mtetemo ukiisha kabisa, endelea na habari ya hewa. Ikibaki inamisi (silinda inaruka bila kuwasha petroli) hata kwenye 2500, usiguse throtobodi, shida iko kwenye moto, nozeli au kompresheni.

Mzee_wa_Geji

Namuunga mkono Spana_Kumi, ila msikimbilie kusafisha kabla ya vipimo viwili vingine. Kusafisha kitu kizima hakuponyi kitu kibovu.

Cha kwanza, linganisha silinda. Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Kila ukichomoa rpm lazima zishuke na injini iugue kwa kiasi kilekile. Ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa wako. Chomoa nozeli, usichomoe waya za plagi kama wanavyofanya wengi. Waya ya plagi itakupiga shoti, na petroli ya silinda hiyo inatoka mbichi kwenda kuipika katalisti (kisafisha moshi cha kwenye eksozi).

Cha pili ni cha hizi za distribyuta (kigawa moto wa plagi). Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ukifungua mfuniko utaona ramani ya matundu. Injini ikiwa ya moto na iko sailensi, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Rpm zinapaswa kupanda hadi karibu 1000 kwa sekunde tano hivi, kisha zirudi. Hapo kompyuta inaichezesha vali ya sailensi kwa makusudi. Zisipopanda hata kidogo, vali imekwama kwa uchafu au umeme haufiki. Soma ramani ya mfuniko mara mbili, maana +B iko humohumo na ukiikutanisha na E1 unaunguza fyuzi.

Kiunganishi hichohicho, swichi ikiwa ON bila kuwasha injini, kinakusomea kodi (namba za hitilafu) kwa kupepesa taa ya cheki injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Ikipepesa 2, ikapumzika, ikapepesa tena 2, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya vakiumu, 41 ni sensa ya kipepeo. Taa kutowaka wakati wa kuendesha hakumaanishi hakuna kodi iliyohifadhiwa.

Kandambili

Nimefanya vyote vitatu. Kwenye 2500 imetulia kabisa. Nozeli zote nne zikichomolewa injini inaugua sawasawa. TE1 na E1: mshale haujanyanyuka hata chembe. Kodi hakuna. Ikiugua sawasawa namna hiyo ina maana nozeli niachane nazo?

Spana_Kumi

Achana nazo kwa sasa. Nozeli chafu mara nyingi hazichafuki kwa usawa, utaona silinda moja au mbili zinabaki nyuma. Zako nne zinafanya kazi moja.

Kabla ya kushusha throtobodi, weka malitimita (kipima umeme) kwenye vali yenyewe, soketi ikiwa imechomolewa. Pini ya katikati ni ya umeme, za pembeni ni koili mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Kati na kila pembeni upate takriban ohm 17 hadi 25 injini ikiwa baridi, na pande mbili zifanane. Upande mmoja ukisoma hakuna mwisho, koili imekatika, dawa ya kopo haitasaidia, tafuta vali. Zikisoma vizuri, kazi ni hii:

Vifaa: kopo moja la dawa ya kusafishia throtobodi, mswaki wa meno uliostaafu, vitambaa visivyotoa nyuzi, gasketi ya throtobodi, gasketi ya vali ya sailensi, kulanti ya kuongezea kama lita moja, spana 10 na 12, na bisibisi ya nyota inayojaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Gasketi nunua kabla hujafungua.

Injini iwe baridi. Kuna maji ya rejeta humo, na mfuniko ukiufungua ikiwa ya moto yatakurukia usoni. Toa waya hasi wa betri. Toa mpira wa hewa. Piga picha hozi zote ndogo za vakiumu, au zifunge tepu zenye namba, maana ukizibadilisha nafasi utapata ugonjwa mpya na utaapa ni dawa iliyouleta. Toa kebo ya pedeli na ile nyingine inayoenda kwenye giaboksi. Hiyo ya giaboksi usichezee nati zake za marekebisho, itoe pamoja na kishikio chake tu, vinginevyo gia zitabadilika vibaya. Hozi mbili za maji zibane kwa koleo lililofungwa kitambaa, ndipo uzichomoe. Kisha bolti na nati za spana 12, throtobodi inatoka mkononi.

Sasa vali. Inashikwa na skrubu nne za nyota na zimekaa tangu kiwandani. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Bisibisi isiyojaa itakula kichwa cha skrubu ya kwanza na siku yako imeisha. Weka bisibisi, gonga kwa nyundo mara mbili tatu ili kutu iachie, kandamiza kwa uzito wa mwili, zungusha taratibu. Zikikataa, tumia bisibisi ya kugonga.

Ukiishika vali utaona kijitundu na kilango kinachozunguka. Ishike upande wa koili ukiwa juu, upande wa hewa chini, pulizia dawa kidogo, piga mswaki, pulizia tena, acha uchafu udondoke. Usiilowanishe. Dawa ikipanda kwenye mhimili inaosha grisi ya beringi na kuingiza masizi mahali yasipokuwa, na vali itakwama ndani ya wiki. Kilango kiguse kwa kidole polepole, kizunguke bila kukwaruza.

Throtobodi yenyewe: ukingo wa kipepeo pande zote mbili, mduara wa ukuta kinapofungia, na tundu la kichochoro. Sensa ya kipepeo ile ya plastiki pembeni usiipulizie na usilegeze skrubu zake. Na kile kiskrubu kidogo cha kuzuilia kipepeo, mara nyingi kina alama ya rangi, hakihusiki na sailensi hata kama fundi anatamani kukigusa. Kimewekwa kiwandani ili kipepeo kisikwame ukutani.

Sehemu za gasketi kwangua kwa plastiki, si kwa kisu. Rudisha kwa gasketi mpya, kaza kwa mviringo kidogo kidogo, maji yajazwe na hewa itolewe.

BintiVitz

Shukrani kwa somo. Swali la sisi wa magari ya baadaye kidogo: Fielder NZE141, 1NZ-FE, haina kebo ya pedeli wala sijaona hiyo vali. Nayo inatetemeka ikisimama kwenye foleni. Mashine ya kusoma hitilafu imesoma kodi P0171. Nisafishe throtobodi vilevile?

Mzee_wa_Geji

Dada, kwako hakuna vali ya sailensi. Kipepeo chenyewe kinaendeshwa na mota na ndicho kinachosimamia sailensi. Lakini P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli iliyohesabiwa, na uchafu wa throtobodi peke yake hauleti kodi hiyo. Swali la kwanza kwa injini yoyote ni: inahesabuje hewa?

5A-FE ya Kandambili inapima mvutano ndani ya manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwa silinda) kwa sensa ya vakiumu. Hozi ikipasuka, mvutano unabadilika, sensa inaona, kompyuta inaongeza petroli, na rpm zinapanda. 1NZ-FE yako inapima hewa inayoingia kwa waya wa moto ulio kwenye mpira wa hewa karibu na eakilina, yaani sensa ya MAF. Hewa ikiingilia ufa ulio baada ya sensa, kuelekea injini, haihesabiwi, petroli inakuwa pungufu, injini inatetemeka, P0171 inakuja. Ugonjwa ni mmoja, dalili mbili tofauti. Ndiyo maana ushauri wa gari moja haufai kunakiliwa kwenye nyingine.

Mwambie mwenye mashine akuonyeshe namba za marekebisho ya petroli, ya muda mrefu na ya muda mfupi, mara mbili: sailensi, halafu 2500. Zikiwa zimepanda kupita asilimia 10 kwenye sailensi halafu zikakaribia sifuri kwenye 2500, una ufa unaovuta hewa. Ufa haukui, hewa ya injini ndiyo inayoongezeka, kwa hiyo uzito wa ufa unapungua. Zikiwa juu sehemu zote mbili, au zikizidi kupanda mzigo ukiongezeka, MAF ni chafu au petroli inakuja kwa presha ndogo. Presha ya 1NZ-FE ni kilopaskali 304 hadi 343.

Angalia pia gramu za hewa. Injini ya lita 1.5 ikiwa ya moto, AC imezimwa, inakaa kwenye gramu 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde hivi. Ikisoma chini ya hapo huku rpm ni za kawaida, na marekebisho yako juu, safisha MAF.

BintiVitz

Sailensi +18, kwenye 2500 ni +4. Gramu 1.9.

Mzee_wa_Geji

Hapo MAF ni nzima, usiiguse. Una ufa.

Chukua chupa ya kupulizia, maji na tone la sabuni ya vyombo. Injini iko sailensi. Pulizia kidogo kidogo: mpira wa hewa kwenye mikunjo yake baada ya MAF (ukunje kwa mkono, nyufa hujificha chini), hozi ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi), hozi nene ya servo ya breki, gasketi ya manifoldi pale inapokutana na silinda hedi, na mipira ya nozeli. Ukifika kwenye ufa mlio unabadilika papo hapo, na wakati mwingine unasikia ukifyonza. Wapo wanaopulizia dawa ya kabureta. Inafanya kazi, lakini koili na eksozi ya moto viko palepale. Kwa maji ya sabuni hakuna atakayezima moto.

Vali ya PCV: itoe, itikise, lazima ilie. Puliza kwa mdomo ukitokea upande wa injini, hewa ipite kirahisi. Puliza ukitokea upande wa manifoldi, ipite kwa shida sana. Ikipita sawa pande zote, hiyo ni tundu la hewa lililo wazi muda wote. Ni spea ya bei ndogo, ukiinunua nunua pamoja na mpira wake wa kukalia.

Pwani_Motokaa

Assalam alaikum jamaa. Kwa hizi za kipepeo cha umeme, nataka kuongeza tahadhari, kwani huku Mombasa naona watu wakitia vidole. Swichi ikiwa ON na mwenzako akakanyaga pedeli, kipepeo hufunguka, na akiachia hufunga kwa nguvu ya mota. Kidole kikiwemo, pole yako. Toa betri, chomoa soketi, shusha throtobodi, kisukume kipepeo kwa kijiti taratibu na usikilazimishe mpaka mwisho. Dawa itie kwenye kitambaa, si kwenye mhimili. Ukiona kipepeo hakifungi chote bila umeme usidhani kimeharibika, springi yake hukiacha wazi kidogo ili gari iweze kusogea mota ikifa.

Na MAF, kama kweli ni chafu: skrubu mbili, itoe, pulizia dawa yake maalumu au ile ya kusafishia soketi za umeme isiyoacha mafuta. Mpulizo mfupi mfupi kumi na ushei. Usiguse waya, wala kwa pamba, wala kwa brashi laini. Dawa ya breki na ya kabureta ni kali kwa plastiki na gundi ya sensa. Iache ikauke robo saa kabla ya kurudisha umeme.

Dogo_Twinkam

Mnahangaika bure wakuu. Injini ikiwa ya moto, rpm 2500, chomoa hozi ya vakiumu, ivute maji nusu lita. Mvuke unasafisha kila kitu mpaka kichwa cha pistoni, hakuna kufungua kitu.

Spana_Kumi

Dogo, nusu lita kwenye hozi ni njia ya haraka ya kupinda konrodi. Maji hayagandamiziki. Hozi ikiyavuta kwa mkupuo, silinda moja iliyo karibu na tundu inameza yote, pistoni inapanda, hakuna pa kwenda. Hata yakipita salama, yanapita katikati ya hewa, hayagusi vali ya sailensi iliyo kwenye kichochoro wala ukingo wa nyuma wa kipepeo. Ugonjwa wa mwenye uzi uko mahali ambapo maji yako hayafiki.

Vilevile wale wa kumimina chupa ya dawa ya nozeli kwenye tenki: si mbaya, inasaidia nozeli kidogo, lakini petroli haipiti kwenye throtobodi. Kila kiungo na dawa yake.

Mwenye_Noah

Noah AZR60, 1AZ-FSE ya D4. Throtobodi imesafishwa, plagi mpya, koili zimebadilishwa. Ikiwa sailensi inatikisika kama inamisi, kodi P0300. Nisafishe nini tena?

Mzee_wa_Geji

Mkuu D4 ni habari nyingine. Injini za kawaida zinapuliza petroli nyuma ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo kila siku vali zinaoshwa. D4 inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Mvuke wa oili na moshi wa EGR (unaorudishwa kutoka eksozi) unapikika juu ya vali na hakuna kinachouosha. Kaboni ikishajaa njia za hewa, kila silinda inapata kiasi chake tofauti, ndiyo P0300 isiyo na silinda maalumu. Premio AZT240 ya lita 2 ina injini hiyohiyo, wanalia kilio hicho.

Hapo manifoldi ishuke. Zungusha kranki mpaka vali za kuingizia za silinda unayoisafisha zifunge kabisa, hakikisha kwa tochi. Jaza dawa, iache ilainike, kwangua kwa kijiti cha mbao na brashi, nyonya uchafu wote kwa vakiumu klina, kisha ndiyo uhamie silinda nyingine. Kipande cha kaboni kikiingia kwenye vali iliyo wazi kinakaa kwenye kikalio chake na kompresheni ya silinda hiyo inapotea. Safisha na vali ya EGR na njia yake, maana ikikwama wazi inaingiza moshi kwenye sailensi na injini inatetemeka hata vali zikiwa zinang'aa. Mabomba ya petroli ya presha kubwa ya D4 usiyalegeze gari ikiwa imetoka kuwaka. Humo mna bar 80 na kuendelea, inatoboa ngozi.

Kama kaboni si nyingi, pima kompresheni kabla ya kununua kingine. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba.

Pwani_Motokaa

Wenye Nissan za kipepeo cha umeme, Tiida, Note, March na wenzao, msisafishe kisha mkaondoka. Toyota nyingi hujirekebisha zenyewe. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa petroli) dakika moja, washa, iache sailensi dakika kumi bila mzigo, kisha AC, kisha D ukiwa umekanyaga breki. Nissan hupanda 1200 au zaidi baada ya kusafishwa na hukaa hapohapo, kwa sababu kompyuta bado inafungua kipepeo kama zamani. Lazima ifunzwe.

Injini iwe ya moto, betri isipungue volti 12.9, taa, feni na AC vimezimwa, usukani umenyooka, gia P. Zima, subiri sekunde 10. Swichi ON bila kuwasha, pedeli usiiguse, hesabu sekunde 3. Kanyaga pedeli mpaka chini na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini, shikilia. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa, na baada ya kama sekunde 20 tangu ukanyage itaacha kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, washa injini, iache sekunde 20. Tumia saa, si hisia. Ukikosea sekunde moja mbili haikubali, na huanza upya.

Kandambili

Wakuu kazi imefanyika. Koili zilisoma 20 na 20. Vali ilikuwa imegandiana, kilango hakizunguki kabisa, sasa kinateleza. TE1 na E1 sasa inapanda na kurudi kama mlivyosema. Ila kuna jipya: ikiwa na moto wa nusu, mshale unapanda 1700, unashuka 1100, unapanda tena, bila kukoma. Nimeharibu nini?

Spana_Kumi

Hujaharibu. Huo mchezo wa kupanda na kushuka ni kompyuta inakata petroli. Sensa ya kipepeo inaiambia mguu umeachiwa, rpm ziko juu mno kwa gari iliyoachiwa, inadhani unateremka mlima, inakata petroli. Rpm zinashuka, inarudisha, zinapanda, inakata. Kwa hiyo swali si kwa nini inakata, ni hewa ya ziada inatoka wapi.

Sehemu tatu, kwa mpangilio huu. Hewa kwenye maji: ulichomoa hozi mbili za rejeta, na mapovu yakikaa karibu na sensa ya joto kompyuta inaamini injini bado baridi na kufungua vali. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, pua ya gari iwe juu kidogo, hita ndani weka moto kabisa, washa, iache mpaka thamostati ifunguke, minya hozi ya juu ya rejeta, ongeza kulanti kadiri inavyoshuka mpaka mapovu yaishe.

Kisha gasketi: maji ya sabuni kuzunguka throtobodi na kiungo cha vali. Ikifyonza, ilikaa upande.

Mwisho, hozi ya usukani wa hydroliki. Kwenye pampu kuna kivali cha hewa chenye hozi mbili nyembamba, kinaongeza sailensi ukikata kona. Bana moja kwa koleo. Rpm zikishuka papo hapo, kivali hakifungi. Ukiona hozi hiyo imelowa mafuta mekundu kwa ndani, kinavujisha mafuta ya usukani kwenda kwenye injini, na moshi mweupe utakaouona siku za usoni unatoka hapo, si kwenye pistoni ringi.

Kandambili

Ni maji. Rejeta imekula karibu lita nzima na mapovu yametoka kwa fujo. Sasa inakaa 750, ikiingia D 700, AC ikishika inanyanyuka yenyewe mpaka 900. Kamtetemo kadogo kamebaki ikiwa D tu, mshale hauchezi.

Mzee_wa_Geji

Mshale ukiwa umetulia na bodi inatetemeka, injini imepona, angalia mauntini (mipira inayoshikilia injini). Kanyaga breki kwa nguvu, weka D halafu R huku mwenzako anatazama ndani ya boneti akiwa amesimama pembeni, si mbele. Injini ikiruka na kugonga, mpira umechanika. Ile ya upande wa taimingi belti ndiyo hufa kwanza, na mara nyingi utaona alama ya mafuta meusi yaliyovuja chini yake. Na ukishafungua huko, chungulia belti yenyewe.